Kofia Nene za Rindima

Namna nilivyofika Rindima haimsaidii msomaji kitu, na mimi mwenyewe sipendi kuikumbuka. Nilifika asubuhi, nikapokewa na afisa wa wageni aitwaye Bwana Mbaraka, na kabla hata sijaulizwa jina nikavishwa kofia.

Haikuwa kofia ya kupendeza. Ilikuwa nene kama mto wa kulalia, imeshonwa kwa tabaka mbili na kujazwa sufi, ile pamba ya msufi, na pembeni ilikuwa na mapande mawili yaliyoshuka kufunika masikio na kufungwa kwa kamba chini ya kidevu. Jua la Rindima ni kali. Baada ya dakika tano jasho lilikuwa limeshafika mgongoni. Nikamwuliza mwenyeji wangu kama ningeweza kuivua, naye akanitazama kana kwamba nimeomba ruhusa ya kuvua suruali.

"Hiyo ni heshima ya mgeni wa serikali!" alipiga ukelele, mdomo ukikaribia kugusa shavu langu. "Tabaka mbili! Mimi nimetumikia miaka tisa kuipata hiyo ya pili!"

Ndipo nikaelewa kwamba Rindima kofia ni cheo. Raia wa kawaida hana kofia, mwalimu hana, na mtoto ndiyo kabisa hana. Mwalimu mkuu ana tabaka moja, mkaguzi ana mbili, mkurugenzi tatu. Waziri ana tano, na huongozwa na watu wawili walioshika viwiko vyake, kwa sababu haoni pembeni wala hasikii gari linapokuja. Mtu akipandishwa cheo, jamaa zake hupika pilau na kumpongeza kwa kuongezewa tabaka, kisha wanaanza kuzungumza naye kwa ishara za mikono.

Siku mbili za kwanza nilitembezwa mjini na kofia yangu, na katika daftari langu niliandika maneno haya: "Nchi tulivu sana, watu wake hawana makelele." Niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sijayafuta, ili siku nikijiona mjuzi niyasome.

Ilisadifu kwamba mwaka ule ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Mtoto Mwepesi wa Kushtuka. Vitambaa vilitundikwa kila barabara, vyekundu vya kuumiza macho, vikieleza jinsi taifa linavyowajali watoto ambao sauti, mwanga, harufu na hata mshono wa nguo huwasumbua kuliko wenzao. Wageni kama mimi tulialikwa kwenda kujionea msaada huo. Siku ya tatu nikapelekwa Shule ya Mtakuja, ambayo ni shule ya mfano.

Mwalimu mkuu, Bwana Jecha, alinipokea getini. Alikuwa mtu mwema, nasema hivi bila kejeli, na pengine hilo ndilo lililonichosha zaidi. Alinionyesha kwanza fahari ya shule: rimu la lori lililoning'inizwa kwenye boriti mbele ya madarasa, na nondo yenye urefu wa mkono kando yake. Alinieleza kwamba zamani sana mji wao ulinusurika na moto kwa sababu mtu mmoja aliamka na kugonga sufuria. Tangu siku hiyo Warindima hugonga. Hakuna moto mwingine uliowahi kutokea, jambo ambalo Bwana Jecha alilitaja kama ushahidi.

"Kila asubuhi watoto hupita hapa mmoja mmoja," alisema, akipaza sauti ipenye kofia yangu. "Akifika chini ya rimu, mwalimu wa zamu anagonga. Asiyeshtuka, anaingia darasani. Anayeshtuka au kuziba masikio, jina lake linaandikwa katika Daftari la Walegevu. Mara tatu kwa muhula mmoja, anakwenda Gumu."

"Gumu ni wapi?"

"Chuo. Kiko nyuma ya kilima. Wana marimu hamsini." Akatabasamu kwa upole. "Matokeo yao ni ya kuridhisha mno. Mhitimu wa Gumu hashtuki tena maisha yake yote."

Nilikuwa nimeshakutana na mhitimu mmoja bila kujua. Mwanamke aliyekuwa akifagia nyumba ya wageni nilipofikia, nilimsalimu mara nne nikiwa nyuma yake, hakugeuka. Nikadhani ana majivuno. Bwana Mbaraka alikuwa ameniambia kwa fahari kwamba alihitimu daraja la kwanza, nami nikaitikia kwa kichwa kama zuzu.

Bwana Jecha akanipeleka kwenye Chumba cha Utulivu, ambacho ndicho msaada wenyewe. Kilizinduliwa na Waziri kwa bendi ya tarumbeta na vipaza sauti kumi na viwili. Mlango ulikuwa mzuri, na juu yake kuna kibao cha shaba chenye jina la Waziri. Ndani mlikuwa na ngoma za shule, tarumbeta zile zile za uzinduzi, na vile vipaza sauti, kwa kuwa hapakuwa na stoo nyingine.

"Na mtoto anakitumiaje?"

"Rahisi sana. Anasimama mbele ya shule nzima wakati wa paredi, anashika kipaza sauti, anatamka kwa sauti kubwa jina lake na neno: mimi siwezi kelele. Ikisikika mpaka getini, anapewa fomu."

"Wangapi wameomba?"

"Hakuna hata mmoja," alisema Bwana Jecha, uso ukimng'aa. "Mwaka mzima! Unaona? Tuliambiwa tatizo ni kubwa, kumbe watoto wetu hawana tatizo."

Muda wa paredi ukafika. Watoto walijipanga juani wakiwa wamevaa masweta ya sufu yenye shingo ngumu, maana mkoloni fulani aliyesahaulika alitoka nchi ya baridi. Sakafu za madarasa zilikuwa zimetoka kuoshwa kwa dawa ya chooni, na harufu yake ilifika mpaka uwanjani. Mimi nilikuwa najikuna. Jasho lilikuwa limeniwasha nyuma ya sikio, basi nikafungua kamba na kuinua pande moja la kofia nipitishe kidole.

Wakati huo huo mwalimu wa zamu akagonga.

Sitajaribu kuieleza sauti ile. Niseme tu kwamba mimi ni mtu mzima, nimewahi kukaa jirani na mashine ya kusaga nafaka, na nilijikuta nimekaa chini vumbini nimekumbatia kichwa changu. Machozi yalinitoka. Bwana Jecha aligeuza uso kwa adabu, kisha akanishika bega na kunifariji kwamba wageni hawaandikwi daftarini. Akanifunga kamba upya, kama mtu anayemvisha mtoto.

Kulikuwa na watoto mia tatu kwenye mstari. Nondo ingegonga mara mia tatu. Nikasingizia tumbo, nikaondoka kutafuta choo, nikazunguka nyuma ya madarasa.

Huko nyuma, karibu na jiko la uji, nikaona mlango mdogo ukifunguliwa. Mwalimu mmoja kijana wa kike alikuwa akimwingiza msichana wa miaka minane hivi. Msichana alikuwa amekumbatia boksi la chaki kifuani kwa mikono yote miwili. Sweta lake lilikuwa limegeuzwa, mishono ikitazama nje. Waliponiona, mwalimu akasimama mbele ya mtoto.

"Usituseme, ndugu mgeni," alisema. Ilinibidi nivue kofia kabisa ndipo nimsikie, na nilipoivua alishangaa kuona nina nywele.

Jina lake lilikuwa Mwalimu Mashavu, na mtoto ni Sikudhani. Alinieleza upesi upesi. Sikudhani alikuwa ameandikwa daftarini mara mbili wiki ya kwanza ya muhula. Darasani alikuwa akiziba masikio, hasomi, haandiki, akiguswa analia, na walimu wengine wanamwita jeuri. Mwalimu Mashavu hakuwa na fomu wala kibali. Alichofanya ni kumwingiza kwa mlango wa nyuma wakati wenzake wako kwenye mstari. Alikata lebo ya shati kwa wembe. Alimhamishia dawati ukutani, mbali na dirisha la uwanjani. Kila asubuhi alimwambia siku itakavyokwenda, lini wataimba, lini madawati yatasogezwa, ili lisimjie jambo ghafla. Na kabla ya kila kengele alimtuma apeleke boksi la chaki ofisini, kwa kuwa aligundua kitu kizito kikiwa mikononi mwake mtoto anatulia.

"Ndiyo hayo tu?" nikauliza.

"Ndiyo hayo tu. Sasa anasoma kitabu cha darasa la pili." Akamgusa mtoto begani, taratibu, baada ya kumwonyesha kwanza kwamba mkono unakuja. "Msalimu mgeni."

"Shikamoo," alinong'ona Sikudhani.

Sikuwahi kuitikia. Bwana Jecha, kwa wema wake, alikuwa amenifuata kuona kama tumbo limepoa. Alisimama nyuma yangu, akamtazama mwalimu, akautazama mlango, akalitazama sweta lililogeuzwa.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Arobaini, mwalimu mkuu."

"Siku arobaini hajapimwa!" Alishika kofia yake kwa mikono miwili. Hakukasirika. Alihuzunika, kama mtu aliyeibiwa na ndugu. Akaniambia kwamba hana budi kulipeleka jambo hili Barazani, na akanishukuru kwa kuligundua.

Jioni ya siku ile Bwana Mbaraka aliniletea barua. Baraza la Elimu lingekaa kesho kutwa kuamua mambo mawili: Mwalimu Mashavu afukuzwe kazi kwa kupunguza kelele bila kibali, na Sikudhani, ambaye siku zake zote arobaini zilihesabiwa kuwa kushtuka kwa jumla, apelekwe Gumu. Mimi nilitakiwa kuwa shahidi. Kwa huduma yangu kwa taifa, ningeongezewa tabaka ya tatu.

Kesho yake mchana mama yake Sikudhani, Bi Mwanakombo, alikuja nyumba ya wageni. Alikuwa mfinyanzi, udongo ulikuwa bado umemkaukia viwikoni. Hakukaa nilipomkaribisha.

"Wewe ndiye uliyemvuta mwalimu mkuu mpaka mlango wa nyuma," alisema.

"Sikukusudia, mama."

"Najua hukukusudia. Hakuna anayekusudia hapa." Akajifuta udongo viwikoni. "Mwanangu alikuwa akirudi shule anaingia uvunguni. Mpaka magharibi. Chakula namsukumia kwa mkono kama kuku aliyelalia mayai. Nikimwuliza nini, hasemi. Siku hizi akirudi anakula, na ananisimulia. Jana kanisomea maneno kwenye gunia la unga." Akanyosha kidole kuelekea uani. "Yule anayefagia hapa, yule ni dada yangu. Alikuwa na sauti ya kuimba mpaka watu wanaacha kazi. Tulimpeleka Gumu ana miaka tisa. Ukienda kule Barazani, basi sema ulichokiona."

Nilimwambia nitasema. Alinitazama kama mtu aliyewahi kuahidiwa, akaondoka.

Baraza la Elimu hukaa katika ukumbi wa mviringo. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na kofia ya tabaka tatu au nne, na Mwenyekiti ya tano. Mtu pekee asiye na kofia alikuwa karani, mzee mwembamba aitwaye Msellem, aliyekaa pembeni na kitabu kikubwa cha kumbukumbu. Sheria inamkataza kuvaa, kwa kuwa lazima mmoja asikie ili aandike. Kura hupigwa hivi: Mwenyekiti akiinua kibendera, wajumbe wanainua mikono. Hoja inayopigiwa kura ni ile karani atakayoisoma baadaye.

Sikudhani aliketi kwenye benchi katikati ya mama yake na mwalimu wake. Alikuwa amepewa tofali alishike, na alilishika.

Nililegeza kamba ya kofia nipate kusikia. Wajumbe walitoa hotuba. Wa kwanza alisema yeye alilelewa kwa kugongewa sufuria kichwani na hakudhurika. Wa pili alikuwa akizungumza wakati huo huo na wa kwanza, hawakugunduana. Mjumbe wa tatu, mwenye ndevu zilizopangwa vizuri, alisema hatari si mtoto mmoja. "Tukimpa huyu utulivu, kesho wote watautaka! Na wakiutaka wote, tutawanyima kwa hoja gani?" Hii ndiyo ilikuwa hoja ya akili kuliko zote nilizozisikia Rindima, ila yeye alidhani anapinga. Mwingine alishauri iundwe kamati. Mwingine tena aliuliza kama chakula cha mchana kimefika, na hilo tu ndilo lililoonekana kueleweka na wote, maana alifanya ishara ya kula.

Mama alisimama akasema. Alisema vizuri, kwa maneno yale yale aliyoniambia, na wajumbe walimtazama kwa heshima ya watu wanaotazama mvua dirishani. Mjumbe mmoja alimpungia mkono.

Nikaitwa mimi. Nikaifungua kofia yangu ya heshima nikaiweka mezani. Ukumbi mzima ulishtuka, na kama lile Daftari la Walegevu lingekuwepo siku ile wangeandikwa wote kumi na mmoja. Niliwaambia kwamba nimesikia rimu, kwamba nilianguka chini mimi mwenye ndevu. Niliwaambia kuwa alichofanya Mwalimu Mashavu kilihitaji wembe, ukuta na boksi la chaki. Niliwaambia wao hawana haki ya kupima masikio ya mtu huku yao yamefunikwa. Nilipaza sauti mpaka koo likawaka, na nilipoona Sikudhani amejikunja kwa sababu ya kelele zangu, nikaacha kwa aibu, nikaenda kuketi benchini kwao. Hata mimi nilikuwa nimemtetea kwa kumpigia makelele.

Mwenyekiti alitabasamu, akanipigia makofi matatu, akainua kibendera. Mikono kumi na mmoja ikapanda.

"Basi," alisema Mwalimu Mashavu kwa sauti ndogo. Bi Mwanakombo alifumba macho.

Karani Msellem alikuwa ameandika muda wote. Sasa alisimama kusoma azimio, kama desturi inavyotaka. Alisafisha koo, akamtazama mtoto mwenye tofali, kisha akasoma kwa sauti ya kawaida kabisa, polepole, asiruke neno.

"Baraza limeamua kwa kauli moja. Kwamba rimu la Shule ya Mtakuja literemshwe leo na kupelekwa karakana ya Wizara kwa matengenezo, wala lisigongwe hadi litakaporudi. Kwamba watoto waingie darasani kwa mwalimu kuinua mkono. Kwamba Sikudhani binti Faki abaki shuleni kwake. Kwamba Mwalimu Mashavu aendelee na makosa yake kama alivyoshtakiwa nayo, na awafundishe wenzake kuyafanya."

Wajumbe walisikiliza kwa uso wa kukubali. Mwenyekiti alipokea kitabu, akatia sahihi, akagonga muhuri, akapeana mikono na aliyekuwa karibu. Sisi wanne kwenye benchi hatukuthubutu kutazamana. Bi Mwanakombo alikuwa ameushika mkono wangu, sijui tangu lini, na kucha zake zilikuwa zimeniingia.

Nilimkuta karani nje, akifunga kitabu kwa uzi.

"Mzee wangu, huogopi?" nilimwuliza.

"Niogope nini, bwana? Nimeandika kumbukumbu za baraza hili miaka kumi na tisa. Hakuna mjumbe aliyewahi kuzisoma." Aliukaza uzi. "Na kitu kikienda karakana ya Wizara hakirudi. Kuna mashine ya chapa ya babu yangu kule."

"Kwa nini hukufanya hivi zamani?"

Akatoa kalamu mfukoni, akaigeuza vidoleni. "Watoto sitini na mmoja nimewapeleka Gumu kwa kalamu hii," alisema. "Nilikuwa naandika walichosema. Nilidhani ndiyo kazi yangu." Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi serikali iliandaa maandamano kusherehekea uthabiti wa Baraza, yakiongozwa na tarumbeta. Mimi nilikwenda Mtakuja. Boriti ilikuwa tupu, kamba zikining'inia. Bwana Jecha, mtiifu kama kawaida, alikuwa amelisoma azimio na kulitekeleza lilivyo. Alisimama pale na kofia yake akiniambia kwamba Baraza lina hekima iliyo juu ya fahamu zake.

Mwalimu Mashavu alitoka, akasimama mbele ya darasa lake lililojipanga uwanjani, akainua mkono. Watoto hawakusogea. Walikuwa wamekaza mabega, meno yameumana, wamekunja vidole ndani ya mikono ya masweta, wakingoja. Darasa zima, watoto arobaini na wawili. Hawa ndio waliokuwa wakipita chini ya rimu kila siku bila kushtuka, hawa ambao majina yao hayakuwahi kuandikwa.

Mkono ulibaki juu. Sikudhani, aliyekuwa mbele kabisa, ndiye aliyeanza kutembea, kwa sababu yeye peke yake alijua kwamba mtu anaweza kuingia darasani hivihivi. Alipofika mlangoni aligeuka akawangoja wenzake. Mabega yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, wakamfuata.

Wa mwisho alikuwa mtoto mrefu wa dawati la nyuma, ambaye sikulijua jina lake. Alipofika chini ya boriti alisimama, akatazama juu pale palipokuwa na rimu. Kisha akaanza kulia, kwa kwikwi, kama mtoto mdogo kuliko alivyokuwa. Mwalimu Mashavu akapiga magoti mbele yake akamwuliza kuna nini, kuna mtu kamgusa?

Mtoto akatikisa kichwa.

"Kumbe haikuwa lazima," alisema.